Miaka 5 na Dakika 20



Juma hili twataka kusema nanyi juu ya mnyama ambaye wengi wetu tumemwona katika vitabu na picha tu: farasi. Hatutasema juu ya farasi wa vita vya zamani, wala juu ya farasi wa kuvuta magari, bali juu ya farasi wa michezo, yule afundishwaye kuruka vikwazo mbele ya makutano ya watu, naye ana mtu mgongoni.

Labda mwanafunzi mmoja atacheka na kusema: “Sisi tuna ng’ombe na mbuzi, farasi atuhusu nini?” Neno lake lina haki kidogo. Katika sehemu nyingi za Kongo farasi hawezi kuishi vema. Mbung’o humwambukiza nagana. Na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu warukao jioni na usiku, humletea ugonjwa mwingine mkali ambao huweza kuua farasi wengi kwa siku chache. Ndiyo sababu wazee wetu hawakufuga farasi, na wale wachache walioko leo katika miji kama Lubumbashi na Kinshasa hutaka kulindwa kwa uangalifu mwingi.

Walakini jambo tutakalolieleza si la farasi peke yake. Ni habari ya kiumbe mwenye nguvu aliyewekwa chini ya mkono wa mtu, na ya njia mbili ambazo mtu aweza kuzifuata ili apate kutiiwa. Habari hiyo hata mchungaji wa mbuzi anaijua. Tutaanza na mambo mawili yaliyotokea kweli, moja katika mji wa Tokyo, moja katika mji wa Stockholm. Kisha tutatafuta sababu iliyoyatenga.

Machozi ya Tokyo

Katika Michezo ya Olimpiki kulikuwa na mashindano ya michezo mitano kwa mshindani mmoja: kupigana kwa vitara, kuogelea, kuruka vikwazo juu ya farasi, kukimbia, na kulenga shabaha. Mashindano hayo yaliingizwa katika Olimpiki mwaka 1912. Sheria yake juu ya farasi ilikuwa ya ajabu. Mshindani hakuja na farasi wake mwenyewe. Farasi walitolewa na wenyeji wa michezo, kila mtu akapata wake kwa kura, na kabla ya kuingia uwanjani alipewa dakika 20 tu za kujuana naye. Baada ya dakika hizo ilimpasa kuruka naye vikwazo mbele ya majaji.

Tarehe 6 Agosti 2021, huko Tokyo, mwanamke mmoja wa Ujerumani alikuwa wa kwanza baada ya vitara na kuogelea. Medali ya dhahabu ilikuwa karibu. Kura ikampa farasi aitwaye Saint Boy. Siku ile ile farasi huyo alikuwa amekwisha kukataa kuruka na mshindani mwingine, tena si mara moja. Alikuwa ameingiwa na woga, na woga wa farasi hauondoki kwa dakika 20.

Yule mwanamke alipoingia uwanjani, Saint Boy alirudi nyuma, akazunguka, akakataa kwenda. Mpandaji akaanza kulia machozi, huku akimpiga kwa fimbo na kumchoma ubavuni kwa chuma cha kisigino. Mwalimu wake, aliyesimama kando ya ua, alimpigia kelele ampige zaidi, kisha yeye mwenyewe akampiga farasi ngumi. Mwishowe Saint Boy alikwenda, akaruka vikwazo kadhaa, akaangusha, kisha akakataa kabisa. Aliyekuwa wa kwanza akamaliza akiwa wa 31. Yule mwalimu aliondolewa katika michezo iliyobaki. Na watu wa dunia nzima, waliotazama picha hizo katika televisheni, wakaanza kuuliza: je, ni haki mnyama huyu kuwekwa katika mashindano?

Uchungu wa Stockholm

Sasa turudi nyuma miaka 65. Mwaka 1956 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Melbourne, katika nchi ya Australia. Lakini sheria za Australia juu ya maradhi ya wanyama zilikuwa kali, wala hazikuruhusu farasi wa nchi nyingine kuingia hivi hivi. Kwa hiyo mashindano ya farasi yakafanywa peke yake, mwezi wa Juni, huko Stockholm katika Uswidi.

Hapo alikuwako Mjerumani aitwaye Hans Günter Winkler, na farasi wake jike jina lake Halla. Kila mpandaji alipaswa kuzunguka uwanja mara mbili. Katika mzunguko wa kwanza, kwenye kikwazo kimoja kabla ya cha mwisho, Halla aliruka mapema kidogo kuliko ilivyotazamiwa. Winkler alirushwa juu, akaanguka kwa nguvu juu ya tandiko, msuli wa kinena ukachanika. Kikwazo cha mwisho kikaangushwa, wakahesabiwa makosa 4.

Maumivu yalikuwa makubwa hata kutembea kulikuwa taabu. Lakini kila nchi ilikuwa na wapandaji watatu tu, na hesabu za wote watatu zilijumlishwa. Winkler asiporudi uwanjani, wenzake wawili nao watakuwa wameshindwa. Akapewa dawa kidogo ya kutuliza maumivu, akapandishwa juu ya Halla.

Fikirini, ndugu wasomaji. Mpandaji huongoza farasi kwa mikono yake, kwa uzito wa mwili wake, na zaidi kwa miguu yake inayombana ubavuni. Miguu ya Winkler haikuweza kufanya kazi hiyo tena. Aliweza kumwelekeza Halla mbele ya kikwazo, basi. Mengine yote alimwachia yeye. Kila aliporuka, Winkler aliugua kwa uchungu. Naye Halla alivuka kikwazo baada ya kikwazo, hakuangusha hata kimoja. Kati ya wapandaji wote, makosa 4 yale ya kwanza yalikuwa ndiyo hesabu ndogo kuliko zote. Winkler na Halla wakapata medali ya dhahabu, na Ujerumani nayo ikapata dhahabu ya nchi.

Tazameni basi mifano hii miwili. Hapa mtu juu ya farasi, analia. Na hapa mtu juu ya farasi, anaugua. Wote wawili hawawezi kumwendesha mnyama wao kama ipasavyo. Mmoja aliachwa na farasi wake; mwingine alibebwa na wake. Tofauti ni nini? Je, ni kwamba Saint Boy alikuwa farasi mbaya na Halla farasi mwema? Tutaona kwamba sivyo. Winkler alimpokea Halla mwaka 1951. Kwa hiyo alikuwa amekaa naye miaka 5. Yule wa Tokyo alikuwa amekaa na wake dakika 20.

Farasi ni kiumbe cha namna gani?

Ili tufahamu kazi iliyofanywa katika miaka hiyo 5, yatupasa kwanza kufahamu tabia ya mnyama mwenyewe.

Farasi wa michezo huwa na uzito wa kilo 500 au 600. Mtu akimwona hudhani kwamba mwenye mwili huo haogopi kitu. Kumbe ni kinyume. Farasi hana pembe wala makucha. Tangu zamani silaha yake ilikuwa ni mbio. Aliyeogopa mapema alipona, aliyechelewa aliliwa na simba. Kwa hiyo mpaka leo karatasi inayopeperushwa na upepo yaweza kumtisha farasi mkubwa. Huo si ukaidi, ni urithi wake.

Macho yake yako pande mbili za kichwa, naye huona karibu kila upande, isipokuwa nyuma ya mkia wake na mahali padogo mbele ya uso wake. Angalieni jambo hilo: farasi anaporuka, anapofika karibu sana na kikwazo, hakioni tena sawasawa. Katika Olimpiki vikwazo vya kuruka huweza kufika mita 1 na sentimita 60 kwenda juu. Mnyama aliyeumbwa kukimbia hatari twamtaka aruke kitu kirefu ambacho mwishoni hakioni vema, tena na mzigo mgongoni. Anaporuka, anamsadiki yule aliyempeleka hapo. Sasa nani atamsadiki mtu aliyemjua kwa dakika 20?

Tena farasi ana kumbukumbu ndefu. Mahali alipoumizwa hapasahau, na mkono uliomuumiza anautambua. Lakini mkono uliomlisha, uliomsafisha, uliomwacha apumzike alipochoka, huo nao anautambua.

Kutunza kwatangulia kufundisha

Wengi hudhani kwamba kazi ya mpanda farasi huanza anapoketi juu ya tandiko. Sivyo. Huanza alfajiri katika zizi, mtu akiwa na ndoo mkononi.

Jambo la kwanza ni chakula. Tumbo la farasi ni dogo kwa kulinganishwa na mwili wake. Yeye si kama ng’ombe, hacheui. Akiachwa malishoni atakula kidogo kidogo karibu mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Tumbo lake hutoa maji makali ya kuyeyusha chakula wakati wote, hata likiwa tupu, na mate yanayopunguza ukali huo hutoka tu anapotafuna. Kwa hiyo farasi anayelishwa nafaka nyingi mara mbili kwa siku na kuachwa na njaa katikati hupata vidonda vya tumbo. Mtunzaji mwenye akili humpa kwanza nyasi, mbichi au kavu, zipatazo kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa farasi wa kilo 500 kila siku; nafaka, kama shayiri, huongezwa baadaye kwa kipimo cha kazi yake. Wala chakula hakigeuzwi ghafula. Farasi hawezi kutapika. Kikimdhuru kitu, hakirudi kwa njia kilikoingia. Msokoto wa tumbo ni ugonjwa unaoua farasi wengi, na mara nyingi chanzo chake ni ulaji ulioongozwa vibaya.

Jambo la pili ni maji. Farasi mkubwa hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na wakati wa joto na kazi hunywa kupita hapo. Yeye hutoka jasho kama sisi, na pamoja na jasho hupoteza chumvi nyingi. Yapasa kumrudishia zote mbili.

Jambo la tatu ni kwato. Kila siku huinuliwa mguu mmoja mmoja, na uchafu na mawe kutolewa chini ya ukwato. Kila baada ya majuma 6 hadi 8 huja fundi wa kwato, akata ukucha uliokua, na kugonga viatu vya chuma vipya au kusawazisha vya kale. Farasi anapotua baada ya kuruka, kwa nukta moja uzito wake wote na wa mpandaji hushuka juu ya mguu mmoja wa mbele. Ukwato ukiwa umepinda kidogo tu, kano za mguu ndizo zitakazolipa deni.

Jambo la nne ni mkono unaomsafisha. Kila siku farasi hupigwa brashi mwili mzima. Wapita njia hudhani ni kwa ajili ya uzuri. Lakini mtunzaji, anapopitisha mkono juu ya mguu, hutafuta mahali palipo na joto kuliko jana, au palipovimba kidogo. Huhesabu pia mapigo ya moyo: farasi aliyepumzika hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, na akikimbia kwa nguvu zote moyo hupiga kupita mara 200. Baada ya kazi mapigo yasiposhuka upesi, mtunzaji ajua kwamba leo alimtaka mno. Hayo yote farasi hawezi kuyasema. Ni mtu anayepaswa kuyasoma.

Mtasema kwamba kazi hiyo haina sifa. Kweli, hakuna medali ya kusafisha zizi. Lakini farasi hufundishwa hapo kwanza. Kila asubuhi, mkono uleule unapomjia bila kumdhuru, hujifunza kwamba mtu huyu ni salama. Kufundisha kwingine kote kumejengwa juu ya somo hilo.

Daraja sita

Sasa tufike kwenye mafundisho yenyewe. Mtoto wa farasi akiwa na miaka 2 huonekana mkubwa, na mwenye tamaa ya fedha hutaka kumpanda mara. Lakini mifupa yake haijakomaa. Ile ya miguu hukomaa kwanza. Ile ya mgongo, unaobeba mtu, huendelea mpaka miaka 5 au 6. Walimu wengi wa farasi wa kuruka huanza kumzoeza tandiko akiwa na miaka 3 au 4, kwa muda mfupi kila siku. Katika Olimpiki ya siku hizi hakuna farasi anayekubaliwa akiwa chini ya miaka 8. Mapafu na misuli hupata nguvu kwa miezi michache. Kano na mifupa hutaka muda mrefu zaidi. Hapo ndipo penye mtego: farasi aonekana yu tayari, moyo wake wataka kwenda, na miguu yake haijawa tayari. Mwenye haraka humwona kuwa ameiva, kisha humvunja.

Wajerumani wamepanga mafundisho ya farasi katika daraja sita, na shule nyingi za nchi nyingine huzifuata. Daraja ya kwanza ni kipimo cha mwendo: farasi atembee, aende matiti na kukimbia kwa hatua zilizo sawa, kama mpigo wa ngoma. Ya pili ni kulegea: misuli isikazwe na woga, mgongo uwe laini, masikio yatulie. Ya tatu ni kupatana na mkono wa mpandaji kwa njia ya hatamu, bila kuvutana. Ya nne ni nguvu itokayo miguu ya nyuma na kumsukuma mbele. Ya tano ni unyofu, kwa maana farasi, kama mtu, ana upande mmoja autumiao zaidi, na miguu isiyofanya kazi sawa huchoka isivyo sawa. Ya sita ni kujikusanya: farasi huchukua uzito zaidi kwa miguu ya nyuma na kuwa mwepesi mbele, tayari kuinuka.

Angalieni kwamba nguvu imewekwa katika daraja ya nne. Kulegea, yaani kutokuwa na woga, ni daraja ya pili. Waliopanga daraja hizo hawakuwa watu wa maneno matamu tu. Walikuwa watu wa kazi, wengine askari. Waliona kwamba nguvu ikitafutwa kabla ya amani, haiji. Au huja siku moja, kisha hukatika.

Na farasi hufahamuje anachotakwa? Mpandaji humbana kidogo kwa mguu. Farasi huenda mbele. Papo hapo mguu huacha kumbana. Ile nukta ya kuacha ndiyo inayomfundisha. Farasi hujisemea, kwa namna yake: “Nilipofanya hivi, nilipewa raha.” Mpandaji akichelewa kuacha, farasi hajui alilolitenda vema ni lipi. Asipoacha kabisa, farasi huwa sugu, na mguu uliotosha jana leo hautoshi; ndipo mtu hukimbilia fimbo. Vilevile adhabu inayokuja dakika moja baada ya kosa haifundishi kitu, maana farasi haiunganishi na kosa lake. Humfundisha neno moja tu: kwamba mtu huyu ni hatari.

Yule jike aliyekataliwa

Tulisema kwamba hatuwezi kuamua kuwa Halla alikuwa mwema na Saint Boy mbaya. Sikieni sasa habari yake.

Halla alizaliwa mwaka 1945, mwisho wa vita. Baba yake alikuwa farasi wa mbio za matiti, si wa ukoo wa warukaji mashuhuri. Halla alijaribiwa katika kazi nyingine za mashindano kabla ya kuja kwa Winkler, na waliomjaribu walikata tamaa. Alikuwa na nguvu ya ajabu, lakini alikuwa mwepesi wa kushtuka, mwenye kichwa chake, mgumu kwa yeyote aliyetaka kumshinda kwa mabavu. Kama angalipewa mtu kwa kura kwa dakika 20, yamkini naye angalizunguka uwanjani na kukataa, na leo jina lake lisingalitajwa na mtu.

Winkler alijulikana kuwa mtu wa kazi ya chini kwanza: mwendo ulio sawa, kugeuka, kusimama, kwenda polepole, siku baada ya siku, kabla ya kuinua vikwazo. Kwa njia hiyo ile hofu ya Halla ikageuka kuwa uangalifu. Mnyama anayeshtuka upesi ni mnyama anayeona upesi. Akisadiki, macho yake hayo na wepesi wake huwa faida. Basi siku ile ya Stockholm, Winkler alipokuwa hana nguvu ya kuamuru, miaka 5 ile ilifanya kazi badala yake. Hatusemi kwamba Halla alijua medali ni kitu gani. Alijua kazi yake, na alimjua mtu wake.

Neno la wapingao

Wako watakaosema: “Fimbo ni njia fupi. Punda wangu asipopigwa haendi.” Tuwajibu kwa haki. Ni kweli kwamba fimbo humwendesha mnyama leo. Lakini anayeendeshwa na fimbo huenda mpaka fimbo inapoishia, hapiti hapo. Siku mkono utakapokuwa na ugonjwa, au mto utakapojaa, au giza litakapoingia njiani, fimbo haitasaidia. Siku hiyo mtu hubaki na kile tu alichoweka akiba ndani ya mnyama wake siku nyingine.

Wako wengine, kwa upande wa pili, wasemao kwamba yafaa kuondoa farasi katika michezo yote, kwa kuwa yeye hakuomba kushindana. Neno hilo si la kudharauliwa. Farasi hachagui, mtu huchagua kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo anayechagua ana deni. Baada ya mambo ya Tokyo, wakuu wa yale mashindano ya michezo mitano waliamua kuondoa farasi. Paris mwaka 2024 ilikuwa mara ya mwisho. Kwa michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028 imewekwa njia ya vikwazo ambavyo watu huvivuka kwa mikono na miguu yao wenyewe. Katika mashindano ya farasi yaliyobaki, waganga wa wanyama huwakagua farasi kabla ya kushindana, na anayechechemea hurudishwa zizini, hata kama bwana wake ametoka mbali na ametumia fedha nyingi. Ni vema. Lakini sheria hukaa uwanjani. Zizini usiku hakuna mwamuzi. Huko kuna farasi na mtunzaji wake tu, na moyo wa mtunzaji ndio sheria.

Na sisi je?

Msomaji mwenye ng’ombe wa kulimia, au punda wa mizigo, au mbwa wa kulinda nyumba, hahitaji kwenda Stockholm ili aitumie habari hii. Aangalie kama mnyama wake mchanga anabeba mzigo wa mkubwa. Aangalie kidonda chini ya nira au chini ya kamba kabla hakijaoza. Ampe maji kabla ya kujinywea mwenyewe baada ya safari ya juani. Amfundishe kwa muda mfupi kila siku, na amwachie mara anapotii. Ampumzishe anapozeeka. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Mwenye ng’ombe aliyefunzwa kwa haraka anaujua ukweli wa neno hilo kila msimu wa kulima.

Nanyi wanafunzi, mnaokaa karibu na mitihani, mna la kuchukua pia. Siku ya mtihani mkono hutetemeka, na akili huonekana kama imefungwa. Kinachomvusha mtu siku hiyo si nguvu ya siku hiyo. Ni asubuhi nyingi zilizopita, ambazo hakuna aliyeziona wala kuzisifu. Anayetaka kujua kitabu usiku mmoja kabla ya mtihani ni ndugu yake yule aliyepewa farasi kwa dakika 20. Tusimcheke yule wa Tokyo, maana hakujitungia sheria ile. Lakini ninyi mnao mwaka mzima.

Na ninyi wazazi na walimu wenzetu, mnaweza kumaliza hoja hii nyumbani bila msaada wetu. Mtoto si mnyama, ana akili na roho. Kama basi hata mnyama hawezi kufundishwa vema kwa woga, tufikiri mara mbili kabla ya kuinua mkono.

Tumalize na Halla. Mwaka 1960, huko Roma, alipata pamoja na Winkler dhahabu nyingine ya nchi, medali yake ya tatu ya dhahabu ya Olimpiki. Kisha hakutumiwa mpaka akavunjika. Alirudishwa kwa mfugaji aliyemzalisha, huko Darmstadt, akazaa, akala nyasi malishoni. Akafa mwaka 1979, akiwa na miaka 34, umri mrefu sana kwa farasi. Wakuu wa mchezo huo katika Ujerumani waliamua kwamba jina la Halla lisipewe tena farasi mwingine wa mashindano. Winkler alifariki mwaka 2018, mwenye umri wa miaka 91, naye alikuwa ameshinda kwa farasi wengine pia. Lakini watu walipomtaja, walimtaja pamoja na yule jike aliyekataliwa na wengine, ambaye yeye alimpa muda.

Kwa herini, wasomaji, hata juma lijalo.